Saa ya Kuzamia, Maji ya Kugawana

Ami yangu hakujua kuogelea. Alizaliwa Unguja, akakulia mtaa wa Malindi, hatua chache kutoka bandarini, na hadi anafariki hakuwahi kutia kichwa majini ila kwa kuoga. Lakini saa aliyoivaa mkononi kwa miaka arubaini ilikuwa saa ya wazamiaji: Seiko nzito, bodi yake imevimba ubavuni kama gamba la kasa, na kwenye uso wake imeandikwa kwamba inastahimili maji mita 150. "Mita mia na khamsini," akisema kila alipoulizwa, "na kisima chetu hakina hata thelathini."

Aliinunua Matrah mwaka 1979, miaka mitano baada ya kurudi Oman. Nasema kurudi kwa sababu wazee ndivyo walivyosema, ingawa kabla ya hapo hakuwahi kuikanyaga nchi hii. Babu yake ndiye aliyetoka Ibra kwenda Unguja kwa jahazi. Yalipotokea mapinduzi ya Januari 1964, na baadaye Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 na kufungua mlango, watu wetu wakaanza kuja mmoja mmoja. Ibra ami alikuta mitende isiyofika hamsini, nyumba ya udongo iliyopasuka ukuta, na zamu ya maji kwenye falaj. Kati ya vitu hivyo vitatu, chenye thamani kilikuwa zamu ya maji.

Kwa msomaji wa Tanga au Mombasa, falaj ni mfereji unaotoa maji ardhini, chini ya mlima au bonde, na kuyaleta mashambani kwa mteremko tu, bila pampu. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaj tano za Oman katika urithi wa dunia. Moja ni Daris ya Nizwa, nyingine ni Jaila ya upande wa Sur. Yetu haimo, wala hakuna aliyelalamika. Maji ya falaj hayagawanywi kwa ndoo, yanagawanywa kwa muda. Kipimo chake huitwa athari, nusu saa hivi, na athari ishirini na nne hufanya badda, yaani nusu ya siku. Neno hilo lilinichekesha nilipokuwa mdogo, maana nyumbani tulisema Kiswahili, na athari ya maji kwangu ilikuwa ukuta wenye madoa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa chini, na usiku kwa nyota. Kisha zikaja saa za mkono.

Ndipo saa ya ami ilipopata kazi. Saa za kuzamia zina ringi inayozunguka kioo, yenye alama za dakika na pembetatu moja kubwa. Mzamiaji kabla ya kushuka huiweka pembetatu hiyo mbele ya akrabu ya dakika, na baadaye akitazama anajua amekaa chini dakika ngapi bila kupiga hesabu. Ami alifanya vivyo hivyo alipofungua maji: pembetatu kwenye akrabu, kisha anasubiri akrabu ifike kwenye 30. Siku za kawaida, zisizo za zamu, pembetatu hiyo aliiweka chini, kwenye 6, ili ahesabu saa zake za Kiswahili kuanzia hapo. Hakuhitaji. Mswahili yeyote huitazama akrabu akasoma upande wake wa pili bila kufikiri. Nadhani ilikuwa namna yake ya kubaki Unguja kidogo.

Mwaka 1983, nina miaka kumi na miwili, alinivulia saa usiku wa zamu akanikabidhi. Yeye alikwenda mwisho wa shamba na jembe kuyaelekeza maji. Mimi nikae penye kizuizi, akrabu ikifika nimwite. Jirani anayefuata alikuwa amekwisha kuja, amechuchumaa na jiwe lake na gunia la kuzibia, hasemi kitu. Giza, baridi ya Januari, na zile alama za saa zimeshaanza kufifia. Nikawa nachezea ringi. Ile ya ami ilizunguka pande zote mbili, tik tik mbele, tik tik nyuma, sauti tamu sana kwa mtoto. Nilipokumbuka kuirudisha, nilirudisha nilipodhani.

Tulichukua maji ya jirani dakika saba. Alikuwa na saa yake mfukoni na hakusema neno hadi mwisho, akasema idadi tu: "Saba." Ami akaitazama ringi, akanitazama mimi. Zamu iliyofuata alifunga maji yetu robo saa kabla ya wakati, badala ya dakika saba, na hiyo nane ya ziada hakunieleza ni ya nini. Hakunipiga. Alinivulia tena saa akaniambia, "Shika. Leo mkono mmoja."

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa fizikia Sur, nilikuja kusoma kwa nini saa za kuzamia za leo ringi yake huzunguka upande mmoja tu. Historia yenyewe ni fupi. Mwaka 1953 Blancpain ilitoa Fifty Fathoms, iliyotengenezwa kwa ajili ya wazamiaji wa jeshi la majini la Ufaransa, na mwaka huohuo Rolex ikaitengeneza Submariner. Seiko ikaingia mwaka 1965. Ringi ya upande mmoja ni ulinzi: ikigongwa na jiwe au mtungi wa hewa, inaweza tu kuonyesha kwamba muda uliopita ni mwingi kuliko uliopita kweli. Mzamiaji atapanda juu mapema, akiwa na hewa ya ziada. Haiwezi kumdanganya abaki.

Nilicheka peke yangu katika chumba cha walimu. Kwenye falaj, ringi hiyohiyo ikigongwa inakufanya ufunge maji yako kabla ya wakati. Utaumia wewe, jirani hataumia. Laiti ingekuwa mkononi mwangu mwaka 1983, ningempunja ami yangu badala ya jirani, na nyumbani mambo yangekwisha.

Kwa hiyo mwaka 2016, nilipoiona dukani Sur, sikujiuliza mara mbili. Seiko walikuwa wameirudisha saa ya ami: umbo lilelile, ufunguo uleule uliokaa penye nne badala ya tatu, siku zimeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Wakusanyaji wa saa duniani huiita Kasa. Safari hii mita 200, na ringi ya upande mmoja yenye tik 120 kwa mzunguko. Nikalipa riali 130. Ami aliishika, akaizungusha ringi, akajaribu kuirudisha nyuma ikakataa. "Hii imepata adabu," akasema.

Ya pili ilikuja mwaka 2019, na hiyo sina kisingizio cha maana. Nilikuwa nimefundisha miaka ishirini na mitano. Mwalimu mwenzangu alikuwa na Tudor, na kila alipoandika ubaoni niliitazama. Tudor ilianzishwa na Hans Wilsdorf, huyohuyo wa Rolex, na mwaka 2018 walitoa Black Bay Fifty-Eight, jina linalokumbusha mwaka 1958 ambapo saa yao ya kuzamia ilifikia mita 200. Ni ndogo, milimita 39, akrabu zake za rangi ya dhahabu, na alama zake za kung'aa zimetiwa rangi ya maziwa yaliyochemka, kana kwamba zimezeeka kwa jua la miaka sitini. Niliinunua Maskati kwa riali 1,400 na kitu. Mke wangu nilimwambia mia nne. Alijua.

Sasa niseme haki. Ile ya bei kubwa ni saa bora, na anayesema hakuna tofauti hajazivaa zote mbili. Tudor imepimwa na maabara ya Uswisi, ambayo hairuhusu mashine kuchelewa zaidi ya sekunde nne wala kukimbia zaidi ya sita kwa siku. Kwa Kasa, kiwanda chenyewe hakiahidi kitu zaidi ya kukimbia sekunde 45 au kuchelewa 35. Yangu inakimbia kumi na nane. Tudor ina pumzi ya saa 70: nikiivua Alhamisi usiku, Jumapili asubuhi nikienda shule bado inatembea. Kasa pumzi yake ni saa 41. Ikivuliwa Alhamisi usiku, Jumamosi mchana nimeikuta imekata roho. Kioo cha Tudor ni cha yakuti ya kutengenezwa, na vumbi la Ibra, ambalo ni mchanga mkali, halikukifanya kitu. Cha Kasa kilipata michirizi mwezi wa kwanza. Na chuma cha Tudor kimesuguliwa namna ambayo kidole kinajua kabla ya jicho.

Lakini ule uzee wake ulinitatiza. Mkanda wake wa chuma una vichwa vya misumari ubavuni, kama mikanda ya miaka ya hamsini iliyoshikizwa kwa misumari kweli. Hivi havishiki kitu, ni pambo. Nilimwonyesha ami nikidhani atacheka, akanikumbusha milango ya Unguja: ile miiba ya shaba asili yake, wanasema, ni Bara Hindi, kuzuia tembo wa vita wasivunje lango. "Unguja nani alikuwa na tembo? Na mlango bila miiba usingeununua." Akanishinda. Hata hivyo, nikiziweka tatu mezani, yake na zangu mbili, alama za saa yake zilikuwa na manjano yaleyale niliyolipia mimi. Zake zilimanjanika shambani.

Sur nilizifanyia mtihani kama mwalimu wa fizikia. Niliingia baharini upande wa Al Ayjah na saa mbili, moja kila mkono, na wavulana niliowafundisha wakakaa ufukweni wakipiga kelele kwamba ustadhi kapungukiwa. Nilizama pengine mita tatu. Zote mbili zimejengwa kwa mita 200, kwa hiyo mtihani huo ulinipima mimi na si saa. Nilichokiona kwa kweli ni gizani. Maji yakiwa na tope, Kasa ilionekana na Tudor ikatafutwa. Zile alama za rangi ya maziwa ni nzuri dukani, ila nyeupe ya Seiko inawaka kama taa.

Inawaka kupita kiasi, pengine. Msimu huohuo nilipeleka wageni kutoka Unguja Ras al Jinz, kusini-mashariki ya Sur, kuona kasa wakipanda usiku kutaga. Pale taa haziruhusiwi, maana mwanga huwababaisha kasa na watoto wao. Simu tulizizima wote. Ndani ya gari nilikuwa nimewasha taa ya kusomea, na saa imejinywea mwanga wake wote. Tumechuchumaa nyuma ya kasa mkubwa anayefukua mchanga, mwongozaji akanigusa bega akanong'ona niteremshe mkono wa kanzu. Kasa wangu alikuwa anamsumbua kasa.

Ami alifariki Januari 2020, mwezi uleule aliofariki Sultan Qaboos, na saa yake ikanijia mimi. Ilikuwa imesimama. Niliipeleka Nizwa, kwa fundi wa Kikerala mwenye kibanda kisichozidi upana wa mlango, ambaye watu wa Dakhiliya wamempelekea saa tangu sijaoa. Aliufungua mgongo wake, akanisogezea lenzi nitazame. Ile raba ya kuzuia maji ilikuwa imegeuka lami. Aliichomoa kwa ncha ya kibano, ikatoka uzi mweusi unaonata, ukakatika. "Hii haikuzuia maji miaka ishirini," akasema kwa Kiarabu chake. Ndani mashine ilikuwa kavu, safi, ina vumbi kidogo tu. Akaisafisha, akatia mafuta na raba mpya, riali kumi na mbili.

Nikamtolea na Tudor, nikitaka tu aisifu. Aliisifu, lakini hakuigusa mgongo. Hiyo, alisema, ipeleke Maskati. Nilipouliza Maskati gharama ya kuifanyia huduma muda wake ukifika, kiasi nilichotajiwa kilizidi bei ya Kasa mpya. Sikushangaa, kila kitu kizuri kina ada yake. Ila nilielewa kwamba saa ile sikuwa nimeinunua bado. Nilikuwa nimelipa kilemba tu.

Nikiwa Nizwa nilipita sokoni chini ya ngome, na muuzaji mmoja wa vitu vya kale akaninong'oneza ana Rolex ya jambia. Msomaji ajue kwamba katika miaka ya sabini Sultan Qaboos aliagiza saa za Rolex zenye nembo ya jambia usoni, akazitoa zawadi, na leo minadani Ulaya watu hupigania kuzinunua. Yule bwana aliniwekea mkononi saa iliyochakaa kila mahali, mikwaruzo bodi nzima, na katikati ya uso jambia jekundu linang'aa kama limechorwa juzi. Saa ni ya miaka hamsini, jambia la wiki moja. Nilimshukuru nikaondoka, nikiwa na misumari yangu ya pambo mkononi, sina la kumcheka.

Kilichonimaliza kilitokea Ibra, mwaka 2022, usiku wa zamu. Nilikuwa nimeivaa Tudor kwa makusudi. Jirani, mtoto wa yule wa mwaka 1983, akasema muda wangu umekwisha. Mimi nikasema bado dakika mbili. Yeye ana simu, mimi nina saa yenye cheti. Nilikitaja cheti. Naona haya kuandika, lakini nilikitaja, saa nane usiku, miguu yangu imo kwenye tope.

Tukampelekea arifu. Katika falaj kuna wakili anayesimamia mambo yote, na kuna arifu anayegawa maji. Wetu ni mzee aliyezaliwa Tabora, Kiswahili chake cha bara, na mkononi ana Casio ya plastiki ambayo mkanda wake ameushona kwa uzi wa kuvulia samaki. Hakuitazama simu wala Tudor. Alitazama Casio.

"Muda umekwisha tangu dakika mbili zilizopita," akasema.

Nikamwambia, kwa heshima, kwamba Casio yake iko mbele.

"Iko mbele dakika nne, mwanangu. Mwaka wa sita sasa. Kila mtu hapa anajua iko mbele dakika nne, amefunguliwa kwa hii, na atafungwa kwa hii. Hiyo yako iko sawa na nani?"

Nilikuwa na jibu la mwalimu wa fizikia, nikalimeza. Miaka mitatu nilikuwa nimelinganisha sekunde za saa mbili, juu ya meza, baharini, kwa fundi, nikiamini kwamba ile inayokaribia ukweli zaidi ndiyo saa zaidi. Wale waliogawana maji kwa nyota hawakuwa na sekunde hata moja, na mitende yao ilikunywa. Walichokuwa nacho ni nyota moja wanayoitazama wote. Ami alilijua hilo bila kulisema. Zile dakika nane za ziada alizomrudishia jirani hazikuwa hesabu ya maji, zilikuwa bei ya kufanya mkono wake uaminike tena usiku ule. Mtu wa cheti hana pa kulipia hiyo.

Wakiniuliza vijana, na huniuliza, wachukue ipi, nawajibu bila kuzunguka: ukipenda ufundi na una fedha isiyosubiriwa na mtu, chukua ya Uswisi, haitakuonea. Kama unataka saa ya kuvaa jembe likiwa mkononi, ya kuogelea nayo Wadi Shab, ya kumpa mtoto aishike gizani, chukua Kasa na michirizi yake. Na kama kuna saa ya mzee nyumbani kwenu, itie raba mpya kabla hujanunua yoyote.

Tudor niliiuza mwaka jana. Nilipoteza karibu riali mia tatu, nikaongezea akiba, nikanunua athari moja katika falaj yetu, ya mtu aliyehamia Maskati. Mke wangu huwaambia wageni kwamba mumewe ameuza saa akanunua nusu saa. Athari hiyo hurudi kila baada ya siku nane, mara nyingi usiku mkubwa, na naipima kwa Kasa. Nimeiweka mbele dakika nne.